Kutoka Daftari la Usajili Hadi Koha: Mwongozo Kamili kwa Mkutubi wa Maktaba Ndogo

Mkutubi anapiga simu jioni, sauti imechoka. Amekaa wiki tatu akiandika vitabu kwenye Excel, amevipakia Koha (programu ya kuendesha maktaba), na sasa katalogi inamwonyesha kitabu kimoja cha fizikia mara arobaini, kila nakala imesimama peke yake kama kitabu kingine. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) karibu zote zinaishia na msururu wa sifuri. Anataka kujua atawezaje kuvifuta vyote aanze upya.

Simu za namna hii nimezipokea kutoka kwa wakutubi wa shule, vyuo na maktaba za kata, na kosa karibu kila mara ni lilelile. Halimo ndani ya Koha. Linafanyika mapema, siku ya kwanza daftari lilipofunguliwa.

Daftari la usajili linahesabu nakala. Kila mstari ni nakala moja iliyogongwa mhuri na kupewa namba. Koha inahesabu vitu viwili: rekodi ya kitabu (jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka) na nakala zilizo chini ya rekodi hiyo, kila moja na namba yake. Ukinakili daftari jinsi lilivyo, unaiambia Koha kwamba nakala arobaini ni vitabu arobaini. Shika tofauti hiyo, maana hatua nyingi hapa chini zimejengwa juu yake.

Nachukulia kwamba Koha imeshasimikwa na inafunguka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Madaftari yote ya usajili, hata yaliyochanika.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Mimi napendelea Calc, kwa sababu unapofungua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mikato) inakuuliza kila safu ni ya aina gani.
- MarcEdit, programu ya bure inayogeuza jedwali kuwa rekodi za MARC, yaani muundo wa rekodi za vitabu ambao Koha inausoma.
- Akaunti ya Koha yenye ruhusa ya kuorodhesha na ya kubadilisha mipangilio. Kama seva inasimamiwa na mtu wa TEHAMA, mweleze mapema.
- Diski ya nje ya kutunzia nakala rudufu.
- Kisomeo cha misimbopau, kama bajeti inaruhusu. Kamera ya simu inasoma pia, ila inachosha.
- Mtu wa pili. Mmoja ashike kitabu na kusoma, mwingine aandike. Anayefanya yote mawili peke yake huanza kuruka mistari bila kujua.
- Daftari dogo jipya, liandikwe juu "Maamuzi". Usilidharau hili.

## Hatua ya 1: Fanya maamuzi, yaandike

Kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mwenzako mjibu maswali manne. Majibu yaingie kwenye daftari la Maamuzi pamoja na tarehe.

Namba za usajili zinajirudia? Maktaba nyingi zilipomaliza daftari la kwanza zilianza la pili kutoka namba 1. Kwa hiyo kuna kitabu namba 245 cha mwaka 1988 na kingine namba 245 cha mwaka 2006. Koha haikubali namba moja kwa nakala mbili. Ukikuta hivyo, lipe kila daftari herufi: A000245 na B000245. Jaza sifuri ili namba zote ziwe na urefu mmoja.

Waandishi mtawaandikaje? Hapa ndipo katalogi nyingi zinaharibika kimyakimya. Niliwahi kufungua jedwali la maktaba moja nikamkuta mtu mmoja ameandikwa kwa namna nne: "Nyerere", "Nyerere J.K.", "Mwalimu Nyerere" na "Julius K. Nyerere". Msomaji akibonyeza jina lolote kati ya hayo anapata robo tu ya vitabu vyake. Kanuni yangu ni kuanza na jina la mwisho, kisha mkato, kisha majina mengine: Nyerere, Julius K. Vyeo kama Mwalimu, Sheikh, Dkt. na Prof. haviingii.

Yapo majina yasiyokubali kanuni hiyo kirahisi. Shaaban Robert amechapwa pia kama Shaaban bin Robert. Wapo wanaomweka kwenye R na wapo wanaomweka kwenye S. Majina ya kale ya pwani yenye "bin" mimi huyaanzia jina la kwanza. Unaweza kuamua tofauti na mimi, lakini ukishaamua, kitabu cha kwanza na cha elfu mbili vifuate uamuzi huohuo.

Misimbo ya Koha itakuwa ipi? Andika msimbo wa maktaba yako (kwa mfano KUU), misimbo ya aina za vitabu (KIADA, ZIADA, REJEA, HADITHI) na ya sehemu za rafu. Iwe mifupi, herufi kubwa, bila nafasi katikati.

Mada ziwe kwa lugha gani? Nitalirudia hili, maana ni jambo ninalolijali sana.

*Utajua umefaulu* pale mwenzako anapoweza kujibu swali lolote kati ya haya bila kukuuliza, kwa kufungua daftari la Maamuzi tu.

## Hatua ya 2: Nenda rafuni, usianzie daftarini

Wengi hukaa mezani na kunakili daftari kuanzia ukurasa wa kwanza. Matokeo yake katalogi inajaa vitabu vilivyopotea zamani. Mwanafunzi anaona kitabu kipo, anakuja, hakipo. Akifanyiwa hivyo mara mbili, hafungui katalogi tena.

Anzia rafuni. Toa kitabu, soma namba ya mhuri, itafute daftarini, weka alama ya vema kwa kalamu ya risasi. Kitabu kinachoingia Koha ni kile ulichokishika mkononi. Mistari itakayobaki bila alama ndiyo orodha ya vitabu vilivyopotea. Iandike kwenye karatasi tofauti, maana wakaguzi wa hesabu wataiulizia.

Hapohapo ondoa visivyofaa: vilivyoliwa na mchwa, vilivyokosa kurasa, vitabu vya mtaala uliofutwa. Usivitupe bila idhini. Viweke kwenye maboksi, viorodheshe, upeleke orodha kwa mkuu wako au kamati ya maktaba. Mali ya umma ina taratibu zake za kufutwa, na saini yako peke yake haitoshi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na rafu zenye vitabu vizima tu, na kila kitabu kina alama yake daftarini.

## Hatua ya 3: Tengeneza jedwali, na ulinde sifuri

Fungua jedwali tupu. Kabla ya kuandika neno hata moja, chagua safu zote na ubadilishe muundo wake uwe Text. Sekunde kumi hizi zinaokoa wiki nzima.

Excel ikiona ISBN ya tarakimu 13 inadhani ni hesabu. Inakuonyesha 9.78999E+12, na ukihifadhi kama CSV inaandika hichohicho kilichoonekana. Ukilifungua faili tena, tarakimu za mwisho zimegeuka sifuri. Hazirudi. Itabidi urudi kwenye kitabu chenyewe.

ISBN za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na 0, ambazo ni nyingi kwenye vitabu vya Kiingereza kutoka nje, zinapoteza ile sifuri na kubaki tarakimu tisa. Vitabu vya kwetu vimenusurika, kwa kuwa namba zake zinaanza na 9966 kwa Kenya, 9976 au 9987 kwa Tanzania, 9970 kwa Uganda. Na si ISBN tu: namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa somo, nazo huumia. 005 ya kompyuta inageuka 5, na 070 ya uandishi wa habari inageuka 70.

Safu zako ziwe hizi, kila moja na uga wake wa MARC (tarakimu ni uga, herufi baada ya $ ni kipande chake):

- Namba ya usajili: 952$p
- ISBN: 020$a
- Mwandishi: 100$a
- Jina la kitabu: 245$a
- Jina la nyongeza, yaani maneno yanayofuata baada ya nukta pacha: 245$b
- Toleo: 250$a
- Mahali, mchapishaji, mwaka: 264$a, 264$b, 264$c
- Kurasa: 300$a
- Namba ya Dewey: 082$a
- Mada ya kwanza na ya pili: 650$a
- Namba ya rafu, yaani Dewey pamoja na herufi tatu za mwandishi: 952$o
- Aina ya kitabu: 942$c, na tena 952$y
- Maktaba: 952$a, na tena 952$b
- Tarehe ya kupokelewa: 952$d
- Chanzo, kama kilinunuliwa au ni msaada: 952$e
- Bei: 952$g

Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku: 2006-03-14. Hapo hakuna mabishano kama 03/04 ni Machi au Aprili. Bei iwe tarakimu tupu. Daftari linasema "12,000/=", wewe andika 12000. Mkato na zile alama za mwisho vitaifanya Koha ishindwe kuisoma bei.

*Utajua umefaulu* ukiandika 005 kwenye seli, ukabonyeza Enter, na ikabaki 005.

## Hatua ya 4: Jaza jedwali

Mstari mmoja ni nakala moja, kama daftarini. Kutenganisha rekodi na nakala kutafanyika baadaye. Soma taarifa kutoka ukurasa wa jina ndani ya kitabu, si kwenye jalada. Jalada mara nyingi lina jina lililofupishwa.

Kabla ya kuandika kitabu kutoka mwanzo, tafuta kama kimeshaorodheshwa na maktaba nyingine. Koha ina utafutaji wa Z39.50 unaoweza kuvuta rekodi iliyokamilika kutoka Library of Congress ya Marekani. Usidhani hawana vitabu vyetu: maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda huu, na riwaya nyingi za Kiswahili utazikuta. Kitabu ulichokivuta hivyo kitoe kwenye jedwali, uongeze nakala zako moja kwa moja ndani ya Koha.

### Herufi kubwa na ng'

Madaftari ya zamani yameandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kiswahili kinahitaji herufi kubwa mwanzoni mwa jina la kitabu na kwenye majina ya watu na mahali, basi. Usitumie fomula ya Excel iitwayo PROPER kusahihisha kwa mkupuo. Itakupa herufi kubwa kila neno, na mbaya zaidi inadhani kila kinachofuata ritifaa ni neno jipya. Ufugaji wa ng'ombe unageuka "Ufugaji Wa Ng'Ombe".

Ritifaa yenyewe ina mtego wake. Ukiandika kwenye Word halafu ukanakili, ile alama inakuja imepinda (’), ilhali kibodi ya kawaida inatoa iliyonyooka ('). Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Chagua iliyonyooka, na mwisho wa kazi tumia "tafuta na badilisha" kuzigeuza zote.

### Dewey kwa vitabu vya Kiswahili

Nimeona maktaba zikiweka kila kitu cha Kiswahili kwenye 496. Hiyo ni lugha: sarufi, kamusi, isimu, na namba yake kamili ni 496.392. Fasihi ina nyumba yake: 896.3921 ushairi, 896.3922 tamthilia, 896.3923 riwaya na hadithi fupi. Kitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiswahili kinakwenda 630 pamoja na vitabu vingine vya kilimo. Lugha ya kitabu haibadilishi somo lake.

### Mada, na kwa nini naomba ziwe za Kiswahili pia

Rekodi ulizovuta nje zitakuja na mada za Kiingereza. Ziache, zina kazi yake. Lakini mwanafunzi wa darasa la sita, au mkulima anayeingia maktaba ya kata, hatafuti "Poultry". Anaandika "kuku". Kama neno hilo halimo kwenye rekodi, mashine itamjibu kwamba hakuna kitu, na kitabu kipo mita tatu kutoka alipoketi.

Uga wa 650 unaruhusu kurudiwa mara nyingi, kwa hiyo weka mada ya Kiingereza na ya Kiswahili kwenye rekodi ileile. Kwa mada za Kiswahili ulizotunga mwenyewe, kiashiria cha pili (uga huu una viashiria viwili, tarakimu zinazofuata namba yake) kiwe 4, maana yake chanzo hakikutajwa. Kiashiria 0 ni cha orodha ya Library of Congress pekee. Usiwasingizie maneno yasiyo yao. Tunza orodha ya mada zako kwenye daftari la Maamuzi, ili leo usiandike "Ufugaji wa kuku" na kesho "Kuku, ufugaji".

*Utajua umefaulu* ukimpa mtu asiye mkutubi kitabu, ukamwambia ataje neno atakalolitumia kukitafuta, na neno hilo limo kwenye mstari wako.

## Hatua ya 5: Safisha, kisha gawa mafaili mawili

Panga jedwali kwa mwandishi, lipitie kwa macho. Majina yaliyoandikwa tofauti yatakaa jirani na utayaona. Fanya hivyo kwa mchapishaji, kisha kwa aina ya kitabu. Halafu tumia kipengele cha kuonyesha vinavyojirudia kwenye safu ya namba ya usajili; kisitokee hata kimoja.

Sasa panga kwa ISBN, na kwa vitabu visivyo nayo, kwa jina. Nakala za kitabu kimoja zitakaa pamoja. Chukua mstari wa kwanza wa kila kitabu, uweke kwenye faili la kwanza, liite VITABU. Mistari iliyobaki yenye ISBN iende faili la pili, liite NAKALA. Mistari iliyobaki isiyo na ISBN iache pembeni. Tutaiingiza kwa mkono.

Kwa nini mafaili mawili? Koha inapopakia rekodi inaweza kulinganisha kila moja na zile zilizomo tayari kwenye katalogi. Haizilinganishi zenyewe kwa zenyewe ndani ya faili moja. Nakala arobaini zikiwa faili moja, kila moja inaangalia katalogi, haioni mwenzake, inajiandikisha kama kitabu kipya. Yule mkutubi wa fizikia aliangukia hapa.

Hifadhi mafaili yote kama CSV yenye usimbaji wa UTF-8.

*Utajua umefaulu* ukijumlisha mistari ya VITABU, ya NAKALA na ile ya pembeni, ikalingana na jedwali zima.

## Hatua ya 6: Andaa Koha yenyewe

Weka misimbo uliyoiamua: maktaba, aina za vitabu, sehemu za rafu. Iwe sawa herufi kwa herufi na iliyo kwenye jedwali. Msimbo wa maktaba usiotambulika utazuia nakala kuingia, na aina isiyotambulika italeta shida siku ya kuazimisha.

Kisha fungua mapendeleo ya mfumo na utafute DefaultLanguageField008. Ikiwa tupu au imeandikwa eng, Koha inachukulia Kiingereza. Ukiiacha, kila kitabu utakachokiandika kwa mkono kitajitambulisha kuwa cha Kiingereza, na msomaji akichuja "Kiswahili" atapata ukurasa mtupu kwenye maktaba iliyojaa vitabu vya Kiswahili. Badilisha iwe swa. Kwa DefaultCountryField008, msimbo wa Tanzania ni tz, wa Kenya ni ke, wa Uganda ni ug.

Mwisho, chukua nakala rudufu. Kwenye seva ya Debian au Ubuntu amri ni sudo koha-dump ikifuatiwa na jina la mfumo wako. Mafaili yanakaa ndani ya /var/spool/koha. Yanakili kwenye diski ya nje, na diski usiiache kwenye chumba kilekile cha seva.

## Hatua ya 7: Geuza jedwali kuwa MARC

Fungua MarcEdit, chagua Delimited Text Translator, mpe faili la VITABU. Kwanza hariri LDR na 008 wanazokupa, yaani sehemu zenye taarifa za jumla za rekodi, kama lugha. Hapa pia lugha iliyowekwa ni eng, na mapendeleo ya Koha hayataisahihisha. Kama una vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, vigawe uvipitishe kwa mafungu mawili.

Unganisha kila safu na uga wake. Kiashiria cha pili cha 264 kiwe 1. Kiashiria cha pili cha 245 kinahesabu herufi za kurukwa wakati wa kupanga kialfabeti: "The" ni 4, "An" ni 3, "A" ni 2, nafasi ikihesabiwa. Kiswahili hakina vineno hivyo, kwa hiyo kwetu ni 0 daima. Nimeona katalogi ambamo mtu aliacha 4 kwa kila kitu, na "Mashairi" ikapangwa kwenye herufi A, kwa kuwa mashine iliruka herufi nne na kuanzia "airi".

Onyo kubwa la hatua hii. Chagua mistari yote ya 952 kwa pamoja na uiunganishe kwa amri ya Join Items. Usipofanya hivyo, kila kipande cha 952 kinakuwa uga wake, na Koha inahesabu kila uga wa 952 kuwa nakala moja. Utapata kitabu chenye nakala nane: moja ina namba ya usajili tu, nyingine bei tu, nyingine tarehe tu.

MarcEdit itakupa faili la .mrk. Lifungue ulisome kama maandishi ya kawaida, rekodi tano za mwanzo na tano za mwisho. Kisha ligeuze kuwa .mrc. Rudia yote kwa faili la NAKALA.

*Utajua umefaulu* ukiona kila rekodi ina 952 moja tu, ndefu, yenye vipande vyote ndani yake.

## Hatua ya 8: Pakia ishirini tu

Najua una hamu ya kuona maktaba nzima ikiingia. Pakia ishirini. Tengeneza faili dogo lenye mchanganyiko: riwaya, kitabu cha kiada, kisicho na ISBN, chenye ng' kwenye jina, chenye Dewey inayoanza na sifuri.

Nenda "Stage records for import", chagua usimbaji wa UTF-8, pakia. Hapo rekodi zinakuwa sebuleni, bado hazijaingia katalogi. Ziangalie, kisha ukamilishe uingizaji. Subiri faharasa, orodha ambayo Koha hutumia kutafuta, ijengwe. Utafutaji ukiendelea kutoa ukurasa mtupu, mwombe mtu wa seva aendeshe koha-rebuild-zebra.

Sasa tafuta kwa jina, kwa mwandishi, kwa mada ya Kiswahili. Chuja kwa lugha. Azimisha kitabu kimoja kwa akaunti ya majaribio, kisha kirudishe. Kuazimisha ndiko kunakofichua msimbo wa aina uliokosewa, na wengi hawalijaribu.

Ukikuta kasoro, rudisha kitabu ulichoazimisha, fungua orodha ya mafungu yaliyopakiwa, chagua "Undo import". Fungu lote linaondoka kwa mara moja. Sahihisha kwenye jedwali, si ndani ya Koha, kisha urudie. Mara tatu nne ni kawaida kabisa.

## Hatua ya 9: Pakia yote

Pakia VITABU kwa mafungu ya rekodi mia tano hivi, ili kosa likitokea usitafute sindano ndani ya rekodi elfu nne. Ukimaliza, hakikisha faharasa imejengwa hadi mwisho. Hili ni sharti la kinachofuata.

Halafu faili la NAKALA. Safari hii, wakati wa kupakia, chagua kanuni ya kulinganisha ya ISBN. Rekodi ikipata inayolingana, rekodi mpya ipuuzwe. Isipopata, ipuuzwe vilevile. Nakala ziongezwe pale tu kitabu kilipolingana. Koha itakuonyesha idadi ya zilizolingana kabla hujakamilisha. Ikiwa ni ndogo kuliko mistari ya faili lako, simama hapohapo: ama faharasa haijamaliza, ama kuna ISBN zilizoandikwa tofauti, kwa mfano moja ina vistari na nyingine haina.

Vitabu visivyo na ISBN vifungue kimoja kimoja ndani ya Koha, uongeze nakala. Vitabu vya kiada vilivyopokelewa kwa pamoja huwa na namba zinazofuatana, na Koha ina kitufe cha kuongeza nakala nyingi kwa mkupuo kinachopandisha namba chenyewe. Nakala thelathini zinaingia kwa dakika moja.

*Utajua umefaulu* pale kile kitabu cha fizikia kitakapoonekana mara moja, na chini yake nakala arobaini.

## Hatua ya 10: Lebo, wasomaji, na daftari la zamani

Chapisha misimbopau na lebo za mgongo kabati kwa kabati. Namba ya msimbopau ni ileile ya mhuri, kwa hiyo mtu wa kubandika alinganishe mbili hizo kabla ya kubandua karatasi. Bandika mahali pamoja kwenye kila kitabu, ufunike kwa plastiki angavu. Jasho la mikono hufuta wino wa printa.

Kuhusu wasomaji, usinakili rejista yote ya shule kwa sababu tu unayo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wasomaji wako wengi ni watoto. Maktaba inahitaji jina, namba ya uanachama, darasa, na njia moja ya kumpata mzazi. Dini, afya, namba ya cheti cha kuzaliwa, hivyo havikuhusu. Akaunti ya mkutubi isitumiwe na wanafunzi wasaidizi. Wape yao yenye ruhusa ya kuazimisha na kupokea tu. Alichosoma mtoto ni siri yake, na Koha ina mipangilio ya kufuta kumbukumbu za kuazima baada ya kitabu kurudi. Iwashe.

Daftari la usajili usilitupe. Chini ya ingizo la mwisho piga mstari kwa rula, andika tarehe ya kuhamia Koha, namba ya mwisho iliyotumika, idadi ya nakala zilizoingia na idadi ya zilizokosekana. Wewe na mkuu wako mtie saini, mgonge mhuri. Ambatisha ile orodha ya vitabu vilivyopotea, kisha lifungie kabatini.